Nani Kaiba Matoazi?

"Fundi! Simu yako!"

Dereva aliita kutoka sebuleni. Maji yalikuwa yanamwagika bafuni na mume wake alikuwa anaimba humo ndani kwa sauti ya kukwaruza, wimbo wa roki wa enzi za ujana wao. Simu ikatetemeka tena juu ya meza ya kulia.

Dereva hakuwa mtu wa kupekua simu ya mume. Kazini aliwacheka wenzake wenye tabia hiyo. Lakini kioo kiliwaka chenyewe, na maneno yakawa pale pale juu, hayakuhitaji kupekuliwa.

"Kaka Fundi, imefika! Ile ya jalada jekundu, iliyosafishwa upya. Njoo kesho mchana tuisikilize pamoja. Bila wewe duka limepoa."

Mwishoni kukawa na katuni ya kucheka. Jina la mtumaji: Dada wa Santuri.

Hospitalini walimwita Dereva kwa sababu ndiye mwanamke pekee aliyeendesha gari la wagonjwa. Mume wake aliitwa Fundi kwa sababu jenereta za hospitali hiyo hiyo zilikuwa mikononi mwake tangu akiwa kijana. Majina ya kazini yakawafuata mpaka nyumbani, na binti yao aliyekuwa masomoni mji mwingine alishazoea kuwatania kwa majina hayo.

Mume akatoka bafuni, taulo shingoni.

"Umemlisha paka?" Dereva akauliza, sauti ameishusha ili isimsaliti.

"Nitalipaka Jumamosi. Rangi imeisha."

"Lipi?"

"Lango. Si ndilo unalosema?"

"Nimesema paka, Fundi. Paka!"

"Nimesikia, mama. Jumamosi."

Siku hizi ndivyo alivyokuwa. Unamwambia moja, anajibu jingine, kama mtu ambaye mwili uko nyumbani na akili iko kwa mtu mwingine. Wiki hiyo tu alimwambia "wifi anakuja," akajibiwa, "Mvi zinakuja? Zangu zilishafika zamani." Akamwambia "nimechoka," akaulizwa ameoka nini. Mwanzoni alicheka. Sasa alikuwa hachekeshwi tena.

"Kesho mchana una ratiba gani?"

"Kesho?" Fundi akainamia viatu vyake. "Kazi tu. Nitapita mjini kutafuta filta za mafuta."

Alimdanganya huku anafunga kamba za viatu.

Kilichomkata Dereva zaidi hakikuwa ule uongo. Ilikuwa ile ya jalada jekundu. Zamani, wakati mtaa mzima ulikuwa unacheza muziki mwingine kabisa, wao wawili tu ndio waliokuwa wanahangaika na magita ya kelele ya bendi ya wale wanne wa nywele ndefu. Fundi alimwazima santuri ya jalada jekundu. Dereva akagoma kuirudisha. "Ukiitaka njoo uifuate nyumbani," alimwambia. Akaifuata, akamkuta baba mtu sebuleni, akakaa kunywa chai, na mengine yakawa historia. Santuri ndiyo iliyokuwa mshenga wao.

Nakala ile ilichakaa, ikawa inaruka kama panzi. Kisha kampuni moja ikaanza kuzitoa upya albamu zote za bendi ile. Walirudi kwenye mikanda ya asili ya studio, wakaisafisha sauti, wakachapisha santuri mpya zinazong'aa. Fundi alifurahi kama mtoto. Ya kwanza waliisikiliza wote sebuleni, wakaimba mpaka jirani akagonga ukuta. Lakini Fundi hakumaliza upande wa pili. Alikunja uso, akasema, "Hawakuisafisha vizuri hii," akairudisha dukani. Ya pili vivyo hivyo. Baada ya hapo hakuleta tena santuri nyumbani. Kumbe alikuwa anazisikiliza na mtu mwingine.

Akampigia wifi yake, dada wa Fundi.

"Wifi, kaka yako ana mtu."

"Nani? Huyu huyu anayevaa soksi zisizofanana?"

"Ana mtu, nakwambia. Anamwita Kaka Fundi."

"Wanaanza hivyo hivyo, na ukaka ukaka. Umemuuliza?"

"Nimuulize nini, na nikiuliza jambo najibiwa rangi ya lango? Hata simu hapokei siku hizi. Anajibu ujumbe tu."

"Mwanaume asiyepokea simu ana lake jambo. Sikiliza, usilie. Nenda ukaone kwa macho yako, halafu uje tulie wote."

* * *

Kesho yake mchana Dereva alikuwa anarudi kutoka kumhamisha mgonjwa hospitali nyingine. Kitanda cha nyuma kilikuwa kitupu, na pembeni yake muuguzi alikuwa anamenya chungwa. Angeweza kupita barabara kuu. Akakata kona.

Duka la santuri lilibanwa kati ya fundi viatu na fundi simu. Kioo chake kilikuwa safi, na nyuma ya kioo akamwona mume wake amekaa kwenye stuli, hedifoni kubwa masikioni, macho ameyafumba. Machozi yalikuwa yanamtiririka. Pembeni yake mwanamke mmoja wa makamo, mrembo, nywele kazibana juu, alikuwa ameweka mkono begani kwake, anatikisa kichwa taratibu kufuata muziki.

Mkono wa Dereva ukaenda wenyewe kwenye kitufe. King'ora kikalia barabara nzima.

Fundi viatu akaruka. Magari yakajibanza pembeni. Mwanamke wa dukani akageuka dirishani, macho yamemtoka. Fundi peke yake hakugeuka. Alibaki na hedifoni zake, analia.

"Dereva, tuna mgonjwa?" muuguzi akauliza kwa mshtuko, anageuka kutazama kitanda kitupu.

"Yupo. Ni mimi."

* * *

Jioni Fundi alirudi mikono mitupu.

"Filta umezipata?"

"Nini?"

"Filta! Filta za mafuta ulizokwenda kutafuta!"

"Ah. Hazikuwepo."

"Hazikuwepo kwenye duka la santuri?"

Hilo alilisikia. Akaweka mfuko wake wa zana chini, akakaa.

"Ni santuri tu, Dereva."

"Santuri ina mikono? Santuri inashika watu bega?"

"Yule ni muuza duka."

"Ulikuwa unalia, Fundi. Nilipojifungua ulisimama pembeni yangu hukulia. Umemzika mama yako hukulia. Leo unamlilia muuza santuri? Tena na ile ya jalada jekundu? Hukuona nyingine ya kumpelekea, ukachukua yetu?"

Fundi akatazama mikono yake yenye weusi wa mafuta usiotoka kwa sabuni yoyote.

"Siwezi kukwambia sasa."

"Basi na mimi siwezi kukaa sasa."

Akafungasha sare mbili za kazi, mswaki na kanga, akaenda kwa wifi yake. Wifi alimpokea mlangoni, akamkalisha, akammiminia chai, akamtukana kaka yake vizuri mpaka chai ikapoa. Simu ya Dereva ikalia mlio wa ujumbe.

"Umefika salama?"

Akaandika: "Muulize Dada wa Santuri."

Simu ikalia tena:

"Paka amekula. Kakutafuta kwa macho, hakuniona wewe. Yaani hakukuona. Nakosea hata kuandika."

Dereva akacheka kabla hajajizuia, kisha kicheko kikageuka kilio hapo hapo.

"Huyu mwanaume atakuua," wifi akasema, anampa kitambaa. "Kwa mdomo haambiliki, kwa maandishi ana adabu."

* * *

Siku chache baadaye umeme wa mji ulikatika asubuhi. Dereva alimleta mama mjamzito, akamkabidhi mapokezi, na alipokuwa anarudi kwenye gari akasikia mlio kutoka upande wa jenereta. Ulikuwa mwembamba, mkali, kama msumari unaoburuzwa kwenye kioo. Wafuaji wa hospitali waliokuwa wanaanika mashuka uani walikuwa wameziba masikio.

"Inalia hivyo tangu asubuhi," mmoja akamwambia. "Mwambie mumeo, sisi tumeita mpaka tumechoka."

Akazunguka mbio. Fundi alikuwa amesimama katikati ya ile kelele ametulia kabisa, kitambaa mkononi, anaitazama mishale ya mashine kama mtu anayetazama bustani yake.

"Fundi! Mkanda unalia!"

Akageuka alipoona kivuli chake mlangoni. Akaona uso wa mke wake umekunjamana, mdomo uko wazi. Akaangusha kitambaa, akamfuata mikono mbele.

"Usilie, mama. Usilie. Nitakueleza yote."

"Silii mimi! Mkanda! Mkanda wa feni ndio unalia!"

"Najua unalia, ni kosa langu..."

Mkanda ukakatika. Kipande kikapiga ukuta kwa kishindo, mshale wa joto ukapanda, na mashine kubwa ikajizima yenyewe. Hospitali nzima ikanyamaza, halafu wodini watu wakaanza kuita. Fundi hakungoja kuambiwa. Alikimbia kwenye jenereta ndogo, akaiwasha, akaelekeza umeme chumba cha upasuaji kwanza. Humo ndani madaktari walikuwa wameendelea kwa taa za betri, na mgonjwa wao alitoka salama. Lakini Mkuu wa Mitambo alikuja amepauka.

"Watu wote wa uani wamesikia mkanda unalia tangu asubuhi. Wewe ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa."

"Na hukusikia?"

Fundi akatazama chini.

"Nenda kakae pembeni. Usiguse mashine mpaka nikuite."

Akaenda kukaa kwenye ngazi za chumba cha kufulia, mbali na mashine, mgongo kwa watu. Huko kulikuwa kimya, mashuka tu yakipepea. Dereva akamfuata, akasimama hatua chache nyuma yake. Moyo wake ulikuwa umeanza kupanga mambo: lango, mvi, simu zisizopokelewa, king'ora.

"Fundi," akasema kwa sauti ya kawaida.

Hakugeuka.

"Mume wangu."

Hakugeuka.

"Nimekukosa, mpumbavu wewe. Nimelala kwa dada yako anayekoroma kama trekta, na bado nilikuwa nakukosa wewe."

Wafuaji wote wawili waligeuka. Mmoja akashika mdomo. Fundi aliendelea kukuna doa la mafuta kwenye suruali yake.

Dereva akazunguka, akachutama mbele yake ili amwone mdomo.

"Tangu lini?"

Fundi akajifanya hajaelewa. Kisha akachoka kujifanya.

"Sijui. Ilikuja polepole." Akapangusa uso. "Mimi nilijua ni santuri, Dereva. Zile zetu zimechakaa, nikasema ndiyo maana sisikii matoazi. Vile visahani vya shaba anavyopiga mpiga ngoma, unakumbuka? Tsii, tsii. Yalikuwa yamepotea. Wakatoa zilizosafishwa, nikafurahi. Nikanunua ya kwanza, matoazi hamna. Nikarudisha. Nyingine, hamna. Nikaenda kumfokea yule dada, nikamwambia mnauza takataka, nani kaiba matoazi? Akaiweka mwenyewe, akasikiliza. Akaniambia, 'Kaka, yapo. Tena mengi mpaka yanakera.'"

"Ukafanyaje?"

"Nikamwambia ana masikio mabovu." Akacheka kidogo, bila furaha. "Halafu nikaanza kwenda kila wakileta mpya. Nikasema labda hii. Labda inayofuata. Nikamwambia aniagizie ile yetu ya jalada jekundu, hiyo ndiyo itakayoamua, maana hiyo naijua kila pigo. Unakumbuka upande wa pili unavyoanza? Matoazi peke yake, kabla gita halijaingia?"

"Nakumbuka."

"Palikuwa kimya. Sauti iko mwisho, yule dada anatikisa kichwa kufuata mdundo, na mimi nasikia hewa. Ndipo nikalia. Akanishika bega akaniambia, kaka, nenda kamwambie mkeo."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungenipeleka kwa daktari. Daktari angesema. Na akisema, nani atamwachia kiziwi jenereta za hospitali?" Akamtazama mdomo, kisha macho. "Na kuna sauti yako."

"Sauti yangu ina nini?"

"Inakuja nusu. Maneno mengine nayajaza mwenyewe. Niliogopa siku moja nitakuwa nakujaza wewe wote."

Dereva akakaa pale pale kwenye ngazi, akamvuta kichwa mpaka kikaegemea bega lake la sare. Mfuaji mmoja akapita na beseni, akajifanya hawaoni.

"Mimi nimekuwa nawaza una mwanamke," akasema polepole, baada ya kumwinua uso ili auone mdomo wake.

"Mimi? Na hizi soksi?"

* * *

Daktari wa masikio alisema bila kuzunguka: miaka yote ile karibu na mashine bila kuziba masikio ndiyo iliyofanya hivyo. Kilichopotea hakirudi. Vifaa vya kusikia vingemsaidia kuelewa mazungumzo, ila asitegemee miujiza. Mkuu wa Mitambo akamwondoa chumba cha jenereta, akampa karakana ya kutengeneza vifaa vya wodini, na mafundi wote waliobaki wakapewa vizibo vya masikio vya lazima. Siku ya kwanza Fundi alipoupita ule mlango wa jenereta bila kuingia, alitembea kama mtu aliyefukuzwa kwake. Dereva alikuwa anamtazama akiwa kwenye gari. Hakupiga honi. Alimwacha apite.

Jumamosi Dereva akaenda duka la santuri peke yake.

"Wewe ndiye uliyepiga king'ora," Dada wa Santuri akasema kabla ya salamu.

"Ndiye mimi."

"Mteja wangu mmoja alilala chini ya meza. Mpaka leo hajarudi."

"Nimekuja kuomba radhi, dada. Nilikufikiria vibaya."

"Nilijua. Ningekuwa mimi ningeligonga duka." Akacheka, akamvutia stuli. "Wifi, nilimwambia kila siku aseme..."

"Wifi ninaye mmoja, na ananitosha. Niite dada."

"Haya, dada. Anaendeleaje na vifaa?"

Dereva akakaa. Akamwambia ukweli. Jana yake walikuwa wameiweka sebuleni ile mpya ya jalada jekundu ambayo duka lilimwagizia Fundi. Fundi alivaa vifaa vyake vipya, akakaa wima kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani. Upande wa pili ulipoanza, uso wake ukaanguka. Alivivua. "Kama sufuria zinagongwa," alisema. "Izime. Naijua mno hii. Kila pigo nasikia kinachokosekana." Kisha akaenda kupaka rangi lango mpaka jua likazama, na lilikuwa halihitaji tena.

"Anataka kuacha muziki kabisa," Dereva akasema. "Anasema mimi nisikilize, yeye atakuwa ananitazama."

Dereva akainuka, akaanza kupekua makasha, jalada moja baada ya jingine. Akasimama kwenye moja la kijani.

"Hii pia wameisafisha?"

"Imetoka juzi. Lakini ninyi mliisusa hii. Mumeo kaniambia. Ile waliyoitoa baada ya mwimbaji kuondoka."

"Tuliapa hatutaisikiliza maishani."

"Basi unaitaka ya nini?"

"Kwa sababu hiyo hiyo. Hajui ndani kuna nini."

* * *

Fundi aliliona jalada akaanza kucheka.

"Hapana. Hiyo haiingii kwenye nyumba hii."

"Imeshaingia. Vaa vifaa vyako."

"Dereva, tuliapa."

"Tulikuwa vijana na hatukuwa na akili. Vaa."

Akavaa, ananung'unika. Dereva akaweka sindano. Gita zito likaingia, chini, polepole, halafu sauti ya mwimbaji mgeni. Fundi alikaa na mikono kifuani, tayari kukasirika. Wimbo wa kwanza ukaisha. Wa pili ulipofika katikati, mguu wake ukaanza kucheza.

"Huyu mwimbaji si mbaya," akasema.

"Ni mbaya sana."

"Anajitahidi. Na gita je? Umesikia hilo gita? Tumekaa miaka yote tunaisusa bure!"

"Wewe ndiye uliyesema tuisuse."

"Mimi? Wewe ndiye uliyeandika barua kwa redio!"

Dereva akamtazama. Fundi alikuwa ameegemea mbele, viwiko magotini, anaufuata wimbo asiouzoea kwa makini yote, bila ule uso wa kutafuta kilichoibwa. Wimbo ukabadilika, ukawa wa taratibu. Akainua kidole.

"Kuna matoazi hapa?"

Angeweza kumwambia hakuna. Wimbo mzima angeupata bila pengo.

"Yapo," akasema.

Fundi akatikisa kichwa.

"Yanafanyaje?"

Dereva akasikiliza. Hakuwahi kuyasikiliza hivyo, hata yale ya ujanani.

"Yanaguswa tu, hayapigwi. Kama mvua ya kwanza kwenye bati. Subiri. Sasa yamenyamaza. Anapumua mwimbaji. Haya, yamerudi, safari hii kwa nguvu."

"Na sasa?"

"Sasa yanapotea taratibu. Bado. Bado. Basi."

Wimbo ukaisha, na upande nao. Sindano ikabaki inakwaruza karibu na katikati ya santuri, na wote wawili hawakuinuka kuiondoa. Fundi akapangusa macho kwa kiganja, akaangalia jalada la kijani kama mtu aliyemkosea mgeni.

"Rudisha mwanzo," akasema.

"Huo wimbo?"

"Upande mzima. Na njoo ukae huku mbele yangu nikuone mdomo. Hapo ulipo unaongea na mlango."